Siku Moja Dodoma Bila Plastiki: Mwongozo kwa Asiyejua Anakoingia

Umeamua. Labda ulimwona mbuzi akitafuna kifuko cha biskuti barabarani, kwa utulivu wa mzee anayemalizia mlenda wake, roho ikakuuma, ukajiambia: kesho, kuanzia alfajiri mpaka nitakapolala, mkono wangu hautagusa plastiki. Hongera. Lakini kabla hujaapa mbele ya mashahidi, soma kwanza. Mimi niliapa mbele ya mama watoto, na yule ni shahidi asiyesahau.

Siku yenyewe iwe Jumamosi. Siku za kazi hazifai. Ofisini utaulizwa kitambulisho, nacho ni plastiki. Utaambiwa uweke kidole kwenye mashine, nayo ni plastiki. Na bosi akikukuta umekunja mikono hutaki kugusa kompyuta, habari za mazingira hatazielewa. Wakati wa vikao vya Bunge ndiyo usithubutu kabisa, maana mji unajaa wageni na kila mgeni ana chupa ya maji mkononi. Jumamosi ina faida nyingine: kuna mnada Msalato. Tutafika huko tukijaliwa.

Jambo ambalo hakuna atakayekuambia ni kwamba utakuwa umeshindwa kabla hujafumbua macho. Godoro la sponji ni povu la plastiki, na wewe unaishi katika mji ambao jina lake limebandikwa kwenye magodoro nchi nzima. Ukitaka kuamka msafi, lala juu ya ngozi ya ng'ombe kama walivyolala wazee wa Kigogo ndani ya tembe. Au tafuta kitanda cha kamba, lakini kamba uzikague, kwa sababu vitanda vya kamba vya leo vimesukwa kwa nailoni. Mimi nilijiona mjanja, nikatandika mkeka sakafuni. Saa tisa usiku nikaupapasa vizuri, nikagundua ni ule wa rangirangi tuliopewa kwenye harusi, wala ukindu haukuwahi kuusogelea. Nikahamia sakafu tupu. Usiniulize habari za kiuno.

Juu yako kuna chandarua. Hapa mwongozo unakuwa mkali: usikiguse kwa nia ya kukiondoa. Vyandarua karibu vyote ni poliesta au poliethilini. Vile vinavyotengenezwa na kiwanda cha A to Z kule Arusha vina dawa iliyochanganywa ndani ya uzi wenyewe wa plastiki, na ndiyo maana unaweza kuvifua na dawa isiishe upesi. Mbu hajui kama umeapa. Vivyo hivyo na dawa za kumeza. Vidonge vyangu vya presha vinakaa kwenye karatasi ngumu ya plastiki, kimoja kimoja, kila kimoja kwenye chumba chake kama wabunge hotelini. Nilivimeza. Hata kanuni za serikali za mwaka 2019 ziliacha mlango wazi kwa vifungashio vya dawa, na mimi ni nani niwe mkali kuliko serikali?

Simu usiiguse. Waombe watoto wakuamshe. Hawatakuamsha. Taa nayo usiiwashe, kwa sababu swichi ni plastiki. Mwambie mtoto aibonyeze, hapo utakuwa umemhamishia mtoto dhambi yako, jambo ambalo sisi watu wazima tunaliweza sana.

Kwenye kupiga mswaki, lugha yetu iko upande wako. Mswaki ni mti. Unaota kwenye nchi kavu kama hii yetu, na jina lake lilitoka Uarabuni likiwa bado ni la kijiti. Plastiki ilipokuja ikalichukua bila hata kubisha hodi. Siku ya Ijumaa pita nje ya msikiti baada ya swala, utamkuta mzee ametandaza vijiti kwenye gunia. Nunua kilicho kitupu. Kile kilichozibwa ndani ya kifuko cha nailoni chenye maandishi ya kigeni kimesafiri kutoka mbali kuja kukutia majaribuni. Menya ncha, tafuna mpaka nyuzi zifumuke. Kinawasha kidogo, kama pilipili manga iliyosahauliwa kabatini, na kinasafisha. Katika siku nzima hii ndiyo sehemu pekee niliyofurahia, na nimeendelea nayo mpaka leo.

Furaha inakatika chooni. Kopo zamani lilikuwa kopo kweli, bati la maziwa ya unga au la rangi. La siku hizi ni plastiki nyekundu yenye mkono. Nilitafuta chombo cha bati nyumba nzima, nikapata sufuria ndogo. Yaliyosemwa kuhusu ile sufuria sitayaandika hapa. Haikurudi jikoni.

Sasa vaa, kama unaweza. Geuza kola ya shati lako usome kile kitambaa kidogo: nguo nyingi za mtumba unazojivunia kununua Sabasaba ni poliesta, yaani chupa ya maji iliyosomeshwa. Suruali ina zipu. Shati lina vifungo. Na nguo ya ndani, samahani kwa walio mezani, ina lastiki. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima: nikanunua kitambaa cha pamba, nikampelekea fundi, nikamwambia suruali iwe ya kufunga kwa kamba na shati liwe na vifungo vya kifuu cha nazi. Akashona vizuri sana. Nilipokwenda kuchukua ndipo akaniuliza, kwa upole wa fundi ambaye ameshalipwa, kama najua kwamba uzi wa cherehani ni poliesta. Lastiki nayo niliing'oa, nikaweka utepe wa pamba. Kufika kituo cha daladala nikaelewa kwa nini binadamu aliikumbatia lastiki kwa mikono miwili, nami nikawa natembea na mkono mmoja mfukoni kama mtu mwenye siri.

Viatu usivijadili sana. Kandambili hapana, yeboyebo hapana kabisa. Nilivaa katambuga. Tairi nalo lina mpira wa kiwandani na nyuzi za nailoni ndani yake, lakini mtu hawezi kukagua kila kitu, vinginevyo atabaki nyumbani uchi, na uchi nao una sheria zake.

Chai inawezekana. Sufuria ya alumini, kikombe cha bati kilichobanduka rangi, majani ya kupima. Shida ni moto. Mkaa wa Dodoma unakuja mjini ndani ya sandarusi, ile mifuko myeupe ya kusuka, na hapa niruhusu nichepuke kidogo kwa sababu neno hili linanichekesha. Sandarusi ya kweli ni utomvu wa mti ulioganda na kuzama ardhini, watu wa pwani yetu wakauchimba, na katika karne ya 19 ukawa unapakiwa Unguja kwenda mpaka Salem, Marekani, kutengenezea vanishi. Jina lilikuwa la kitu kilichotoka kwenye mti. Leo mwambie kijana alete sandarusi, atakuletea mfuko wa plastiki wenye vumbi la mkaa. Plastiki ina tabia hiyo: haitosheki kwa kuchukua kazi ya kitu, inachukua na jina lake.

Na huo mkaa unawashwa kwa nini? Kila aliyelelewa nyumba ya mkaa anajua. Kipande cha rambo, ule mfuko wa plastiki wa kubebea, enzi zile. Siku hizi kipande cha kandambili iliyokatika, au mdomo wa chupa. Unakitia kiberiti, kinadondosha matone ya moto yanayolia vuu, vuu, na moshi mweusi unaingia moja kwa moja kwenye kifua cha anayepika. Nilitumia gunzi la mahindi na vijiti. Nilipuliza kuanzia saa moja. Chai nilikunywa saa tatu.

Hapo mgeni huuliza: lakini si Tanzania mlipiga marufuku plastiki? Taratibu, ndugu. Kilichopigwa marufuku ni mifuko ya kubebea, kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Tangazo lilitoka hapahapa Dodoma, bungeni, Aprili ya mwaka huo, kwa kinywa cha Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa. Zanzibar walitangulia tangu 2006, Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017. Ukikamatwa umeubeba, faini inaanzia shilingi 30,000 mpaka 200,000, au hadi siku saba ndani, au vyote viwili. Mwenye kiwanda anahesabiwa kwa mamilioni. Wageni wanaoshuka uwanja wa ndege waliambiwa waiache mezani kabla ya kuingia nchini, kama watu wanaoacha viatu mlangoni.

Na tuseme kweli, sheria ile ilifanya kazi. Anayeikumbuka Dodoma ya zamani anakumbuka kiangazi, upepo ukitoka mashariki na vumbi lake, na kila mgunga ukiwa umechanua marambo: meusi, ya buluu, ya mistari. Kichaka cha miiba hakikuwa kinahitaji majani. Ng'ombe akichinjwa, tumboni unatoa fundo la nailoni la ukubwa wa mpira wa miguu. Viroba vya pombe kali, vile vifuko vidogo vilivyokuwa vimetapakaa kila stendi, vilikuwa vimeshapigwa marufuku tangu Machi 2017. Leo miiba imebaki miiba. Wale wanaosema serikali haiwezi kubadilisha tabia ya watu, hili walimeze.

Lakini nenda dukani ununue ule mfuko uliokuja badala yake. Tunauita mfuko mbadala. Unafanana na kitambaa, una mikono, unabonyea vizuri, hata unashonwa. Ununue kwanza, uwe mali yako, halafu chukua kiberiti uchome ncha ya pembe yake. Kitambaa cha pamba kinaacha majivu. Huu haukuacha majivu. Ulijikunja, ukarudi nyuma kama konokono aliyetiwa chumvi, ukatoa tone la moto likadondoka sakafuni vuu, na palipokatika pakawa pagumu na peusi. Ni plastiki, aina ileile ya sandarusi, isipokuwa nyuzi zake zimegandamizwa badala ya kusukwa. Mwenye duka alinitazama mimi, akatazama tone, akaniuliza, "Mzee, ulitaka mfuko au ulitaka kuni?"

Kwa hiyo beba kikapu. Mimi nina cha milulu kutoka Iringa, na nilipoingia nacho soko la Majengo nilijiona kama bango la wizara linalotembea. Raha ilidumu mpaka kwa muuza nyanya. Nyanya zinauzwa kwa sado. Mgeni ajue kwamba sado ni ndoo ndogo ya rangi ya ukutani, ile ya lita nne, na kampuni iliyoiuza ikiwa na rangi haijui kwamba imetuachia kipimo cha taifa. Maharage kwa sado, viazi kwa sado, dagaa kwa sado, ulezi kwa sado. Debe lilikuwa la bati, likafuata mafuta ya taa. Sado imezaliwa plastiki na itakufa plastiki. Nilimwambia mama yule anipimie bila sado.

"Kwa nini, baba? Unaogopa nimeibonyeza chini?"

Nikaeleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akamwita mwenzake wa meza ya pili, akaniomba nieleze tena. Mwishowe akanipangia fungu juu ya gunia, akiokota moja moja, na kila nyanya aliyoiweka alinitazama usoni kama mtu anayemlisha mgonjwa. Nilipata nyanya chache kuliko za sado. Hiyo ni bei ya imani. Sukari, chumvi na unga sikununua. Vyote viko ndani ya nailoni. Karanga zilikuwa kwenye karatasi ya daftari la mtoto, hesabu za kugawanya, amepata tatu kwa kumi.

Ukitaka kutuliza mawazo kwa sigara, kishungi chake ni plastiki. Bigijii unayotafuna ni ndugu wa karibu wa plastiki. Tulizana tu hivyohivyo.

Daladala ya kwenda Msalato ina viti vya ngozi isiyowahi kuwa na ng'ombe. Nilisimama, nikashika chuma. Konda akaniambia viti vipo, nikasema nimekaa sana leo. Ukisimama hivyo unapata muda wa kuwaza, nami niliwaza tembo. Wazee husimulia kwamba mji huu umepewa jina na tembo aliyekuja kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu akadidimia kwenye tope. Na katika karne ya 19 pembe za wenzake zilipita hapa kwa maelfu, mabegani mwa wapagazi, kutoka Unyamwezi kwenda Bagamoyo. Ugogo ndiko misafara ilikokamuliwa. Watemi walidai hongo kwa kila aliyepita na kila aliyekunywa, kwa sababu nchi ilikuwa kavu na visima vilikuwa na wenyewe. Pembe zilikwenda Ulaya na Marekani zikawa vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Pembe zikawa ghali. Katika miaka ya 1860 wafanyabiashara wa biliadi wa Marekani wakaahidi dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kushika nafasi ya pembe, na mchapaji mmoja aitwaye John Wesley Hyatt, akihangaikia mpira huo, akaibuka mwaka 1869 na seluloidi, bibi wa plastiki zote tunazozijua.

Maana yake plastiki ilizaliwa ikiwa mbadala. Hata jina la mfuko wetu halina jipya.

Mnadani Msalato mambo yanakuwa mepesi, nami nakushauri ukae hapo muda mrefu. Mbuzi anachomwa kwenye mti, anakatwa juu ya gogo, chumvi na pilipili vinawekwa pembeni, na vidole ni vyako mwenyewe. Ugali ulikuja kwenye sahani ya plastiki, nikauomba uwekwe juu ya gogo, mchoma nyama akasema, "Huyu mzee ni wa zamani," nami nikalipokea kama sifa. Kisha nikaagiza soda ya chupa ya kioo. Hapa ndipo majivuno yangu yalipofika kileleni: kioo, kizibo cha bati, chupa inarudishwa kiwandani. Nilikunywa nusu. Kisha nikaokota kile kizibo, nikakigeuza. Ndani yake, mahali ambapo sisi tulipokuwa wadogo tulikuwa tukibandua ili tutoboe tufanye magurudumu ya magari, kuna kile kiduara laini kinachozuia gesi isitoke. Nilikibonyeza kwa ukucha. Kikabonyea, kikarudi. Nilikaa nacho kiganjani muda, nyama inapoa. Kreti zilizopangwa nyuma ya mwenye soda, nyekundu, zinang'aa juani, nilijifanya sijaziona.

Kutoka Msalato nilipanda gari jingine, nikapita Makutupora. Kando ya barabara walikuwapo akina mama na zabibu. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na za mavuno yote mawili zinafika barabarani ndani ya ndoo za plastiki. Nilikuwa nakwenda kwa bibi mzaa mama wa mke wangu. Mpango wangu ulikuwa huu: mjini nimeona aibu ya kutosha, kule kijijini nitakuta watu wanaoishi vile ninavyojaribu kuishi. Kibuyu, mtungi, ungo, kinu. Nitakaa chini ya mbuyu nipumzike. Ukiwa na mpango kama huu, msomaji wangu, uandike kwenye karatasi, uchome.

"Mbukwenyi, Bibi."

"Mbukwa, mume wangu. Mbona umevaa kama mfungwa?"

Bibi huniita mume wake tangu siku ya mahari. Mjukuu wake ni mke mwenza. Alinipa kigoda, cha mti, nikashukuru Mungu. Kisha akanichotea maji kwa kikombe cha plastiki kutoka kwenye dumu la njano, lita 20, lile lililozaliwa na mafuta ya kula na kwa sasa limefunikwa kwa gunzi. Nikakataa. Kwa Kigogo, na kwa kabila lolote ninalolijua, mgeni hakatai maji.

"Umefunga?"

Nikaeleza, mara ya tatu siku ile, na kila mara maelezo yalikuwa yanazidi kusinyaa. Bibi hakucheka. Alilivuta lile dumu karibu na miguu yake, akaliwekea mkono juu, kama unavyomshika mtoto begani mgeni anapouliza amefika darasa la ngapi.

Akaniambia habari ya mtungi. Alikuwa binti mdogo, maji yanachimbwa kwenye mchanga wa korongo, unakaa unangoja yajikusanye, unachota kwa kibuyu kidogo, unajaza mtungi, unatoka jua likiwa kali. Mtungi mtupu ni mzito kabla hujaweka tone. Siku hiyo alikuwa ameshauona moshi wa nyumbani kwao, akajikwaa. Mtungi ukapasuka, maji yakanyweka ardhini hata kabla hajainuka. Alichapwa kwa mtungi, na akarudishwa korongoni kwa maji. "Hili," akasema, akilipiga dumu kwa kiganja, "likianguka linaruka. Linakuangalia."

Sikuwa na la kujibu. Dodoma inapata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni ya kubeba. Mjini tunakunywa maji ya visima vya Mzakwe, umbali mfupi tu kutoka pale tulipokaa, nayo yanatufikia kwa mabomba na kulala kwenye matangi meusi juu ya paa, na hatumkumbuki mtu yeyote aliyejikwaa. Nilikuwa nimelifikiria dumu kama takataka ambayo bado haijatupwa. Yeye ana madumu manne, anajua lipi linavuja na lipi lilibebwa na marehemu mumewe.

Hata hivyo aliniona nina kiu, na kibuyu alikuwa nacho, kimetundikwa ukutani, cheusi kwa moshi. Akakishusha, akakisuuza, akanijazia. Nikakipokea kwa mikono miwili. Hapa, nikasema moyoni, ndipo safari ilipokuwa inakwenda. Kilikuwa na ufa upande mmoja, umeshonwa mshono mzuri, wa msalaba msalaba, kama kidonda kilichofungwa na daktari mzuri. Nilipitisha kidole. Mshono ulikuwa wa uzi wa nailoni, uliochomolewa kwenye sandarusi.

Nikanywa. Maji yalikuwa na chumvi kidogo na moshi kidogo.

Jua lilipoinama nikaaga. Bibi akasema haiwezekani nirudi mikono mitupu kwa mke mwenza wake. Kikapu changu nilikuwa nimekiacha mnadani, nikishughulika na kizibo. Akaingia chumbani, nikasikia anainua godoro, akatoka na kitu kimekunjwa mara nane, ukubwa wa bahasha. Akakikunjua. Lilikuwa rambo. Rambo lenyewe, la kabla ya 2019, buluu yenye mistari myeupe, mikunjo yake imefifia lakini mikono yake mizima kabisa, limetunzwa kuliko cheti changu cha ndoa. Akalijaza ubuyu, akakaza fundo.

Mwongozo huu hauna msaada hapo. Mtu anayeweza kumwambia bibi wa mkewe, mwenye umri ule, kwamba zawadi yake ni kosa la jinai, mtu huyo hajaoa. Nilililaza tumboni, ndani ya shati la pamba, nikafunga vifungo vya kifuu cha nazi.

Karibu na Msalato trafiki wakasimamisha gari. Askari akaingiza kichwa dirishani, akatuangalia mmoja mmoja. Nilishika pumzi. Rambo halishiki pumzi. Lina sauti yake, chakara, chakara, ambayo vijana wa leo labda hawaijui, lakini askari yule alikuwa mtu mzima. Akanitazama tumboni. Konda naye akanitazama.

"Mzee," konda akasema, "hicho kitambi mbona kinaongea?"

"Ni vidonda vya tumbo," nikasema. Askari akapiga bodi la gari, tukaondoka.

Nyumbani nikalitoa, nikaliweka mezani. Mama watoto hakuuliza kama nimeshinda. Aliumimina ubuyu kwenye ungo, akaliinua rambo kwenye mwanga wa taa, akalizungusha polepole akitafuta tundu. Halikuwa na tundu. Akalitia maji, akalipuliza, akalisuuza mara ya pili, akatoka nalo uani. Nilimwona akilianika kwenye kamba, kichwa chini, na kwa kuwa upepo ulikuwa umeanza, akalibana kwa vibanio viwili.